Kama minara ya moto ilifaa, mbona Wamarekani waliiacha?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wapanda miti kijijini kwetu, wilaya ya Mufindi. Tuko wanachama 43, na misindano (mipaini) yetu mingi ina miaka saba hadi kumi. Mwaka jana mwezi wa kumi moto ulitoka kwenye shamba la mahindi la jirani, ukala ekari 11 kabla hatujajua. Binamu yangu anaishi Boise, Idaho. Alipokuja likizo alituonyesha picha za mnara wa mbao juu ya mlima, una chumba cha vioo pande zote, na ndani kuna kiti kidogo chenye miguu ya glasi. Tangu siku hiyo wanachama wanataka tujenge mnara wa nguzo za milingoti (mikaratusi) wa mita 20. Mzee mmoja akauliza swali lililotushinda: kama hiyo minara ilifaa, mbona Wamarekani wameiacha hadi imekuwa ya kupigia picha? Wengine wanasema ilijengwa kwa ajili ya vita na Wajapani tu, wengine wanasema siku hizi setilaiti inaona kila kitu. Na kile kiti ni cha nini? Tunaomba utueleze historia yake vizuri, ili tuamue kwa akili."

Marahaba, katibu. Poleni sana kwa ekari 11. Msindano wa miaka saba umeshapaliliwa, umeshapogolewa, na mwenyewe ameshaanza kupiga hesabu za ada ya shule kila akiutazama. Ukiungua haulipiki kwa neno pole, lakini poleni hivyo hivyo.

Nimesoma swali lako mara mbili. Naona hofu yenu ni kuchanga pesa mkajenga kitu ambacho wenzenu wamekwisha kukitupa. Huyo mzee mpeni kiti cha mbele mkutano ujao, maana ameuliza jambo ambalo sisi tuliosomea misitu hatukuliuliza chuoni. Nitamjibu, ila kwa kuzunguka kidogo, kwa sababu jibu lake limo ndani ya hiyo historia uliyoiomba.

Binamu yako yuko mahali penyewe. Idaho ndilo jimbo lililokuwa na minara mingi kuliko yote Marekani, karibu 1,000 ukihesabu kila uliowahi kusimama, na masimulizi ya mlinzi wa kwanza kabisa yanaanzia hukohuko. Mwaka 1902, kambi moja ya wakata magogo ilikuwa na mpishi aitwaye Mabel Gray. Akishamaliza kazi za jikoni, alipanda farasi hadi kilima cha Bertha, akapanda ngazi iliyoegemezwa kwenye mti mrefu, akakaa huko juu kutafuta moshi. Akiuona, alishuka na kurudi mbio kambini kusema. Mnara haukuwepo, wala simu. Palikuwa na mti, ngazi, farasi, na mama mwenye macho mazuri. Ishike picha hiyo, tutairudia.

Serikali yenyewe ilisubiri mpaka maji yaifike shingoni. Idara ya Misitu ya Marekani ilianzishwa mwaka 1905, ikapewa msitu mkubwa na watu wachache. Kiangazi cha 1910 kaskazini mwa Idaho na magharibi mwa Montana kilikuwa kikavu kupita kiasi. Radi, cheche za treni na watu wenyewe viliwasha mioto midogo mamia, hapa na pale. Tarehe 20 Agosti ukavuma upepo mkali, mioto ikaungana. Ndani ya siku mbili ziliteketea ekari milioni 3 hivi, na watu wasiopungua 85 wakafa, wengi wao wazima moto. Karibu na mji wa Wallace, msimamizi mmoja aitwaye Ed Pulaski alijikuta amezingirwa na moto pamoja na watu wapatao 40. Akawaingiza kwenye handaki la mgodi, akasimama mlangoni na bastola mkononi ili asitoke mtu. Watano walifia humo, waliobaki wakatoka hai. Ile zana ya wazima moto ambayo upande mmoja ni shoka na upande mwingine ni jembe mpaka leo inaitwa pulaski.

Walionusurika waliondoka na hesabu moja kichwani. Kila moto kati ya ile mamia ulipokuwa bado mdogo, watu wawili wenye majembe wangeumaliza kabla ya chakula cha jioni. Kilichokosekana ni mtu wa kuuona na kuwaambia wenzake upo wapi.

Baada ya hapo vituo vya ulinzi vikaanza kuota vileleni. Mwaka 1913, kwenye msitu wa Klamath jimbo la California, aliajiriwa Hallie Daggett, mwanamke wa kwanza kuajiriwa na Idara hiyo kwa kazi ya ulinzi wa kileleni. Wapo waliodhani hatamaliza wiki kabla ya kukimbia upweke na dubu. Alirudi kila kiangazi kwa zaidi ya miaka kumi, dada yake akimpandishia chakula kwa farasi. Msimu wake wa kwanza aliripoti mioto ipatayo 40, na jumla ya eneo lililoungua kwa mioto yote hiyo halikufika ekari tano. Ilinganisheni na ekari zenu 11 kwa moto mmoja.

Ujenzi mkubwa ulikuja miaka ya 1920 na 1930. Minara mingi ya chuma ilitoka kiwanda cha Aermotor cha Chicago, ambacho kazi yake ya asili ilikuwa kutengeneza vinu vya upepo vya kuvutia maji. Waligundua kwamba ukiondoa panga la kinu ukaweka kibanda, tayari una mnara wa moto. Kule milimani, kwenye picha za binamu yako, walitumia zaidi vibanda vya mbao vya futi 14 kwa 14. Mbao zilikatwa mjini kwa vipimo, zikafungwa mafurushi, zikapandishwa kwa nyumbu (wale wa kubeba mizigo, si wa Serengeti). Madirisha yalikuwa pande zote nne, na juu yake vibao vilivyoinuliwa kiangazi vikawa kivuli, vikashushwa majira ya baridi vikawa ngao ya theluji. Kati ya 1933 na 1942 serikali iliwachukua vijana wasio na ajira, ikawaweka kwenye makambi ya kazi za umma, na hao ndio waliojenga mamia ya minara, wakachonga barabara na kutandaza nyaya za simu.

Hapo niondoe uvumi wa kwanza. Minara haikujengwa kwa ajili ya Wajapani. Vita ilipofika, minara ilikuwepo tayari, jeshi likaazima macho yake. Mwaka 1942 na 1943 baadhi ya walinzi waliachwa juu hata majira ya baridi ili waangalie ndege za adui. Na kipo kisa kimoja cha kweli ambacho pengine ndicho kilichozaa huo uvumi. Tarehe 9 Septemba 1942, rubani Mjapani Nobuo Fujita alirushwa na kandege kadogo kutoka kwenye nyambizi, akaingia juu ya misitu karibu na mji wa Brookings, Oregon, akadondosha mabomu ya moto. Alitaka kuiwasha misitu ya Marekani. Mlinzi wa mnara wa Mount Emily, Howard Gardner, aliiona ndege, akapiga simu. Baadaye ukungu ulipopungua akauona moshi, akashuka kwa miguu kuutafuta, na mwenzake wa mnara mwingine akatoka upande wake. Msitu ulikuwa umelowa kwa mvua, wakaudhibiti. Silaha ya taifa zima ilishindwa na watu wachache wenye majembe waliojua pa kwenda. Mwaka 1962 Fujita alirudi Brookings kwa amani, akaukabidhi mji ule upanga wa ukoo wake.

Sasa nikupeleke ndani ya kile kibanda, kwa sababu picha haikuwaonyesha kitu cha maana kuliko vyote, au iliwaonyesha mkakipita. Katikati ya chumba huwa kuna meza yenye sahani ya chuma ya duara. Chombo hicho kilibuniwa mwaka 1911 na ofisa misitu William Osborne, na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Juu ya sahani imebandikwa ramani, na alama ya mnara wenyewe iko katikati kabisa ya duara. Ukingoni kuna pete yenye nyuzi 360. Juu ya pete kuna vilengeo viwili vinavyotazamana: upande wako kibao chenye upenyo mwembamba, upande wa pili fremu yenye unywele wa farasi uliovutwa wima. Ukiona moshi, unaizungusha pete, unafumba jicho moja, unasogeza mpaka unywele ulale juu ya mzizi wa moshi. Nasema mzizi, kwa sababu kichwa cha moshi kinapeperushwa na upepo na kitakudanganya. Kisha unasoma namba. Basi. Namba hiyo ndiyo mazao ya mnara.

Hiyo namba peke yake haikuambii moto upo wapi. Inakuambia upo upande gani. Kwenye mstari huohuo moto unaweza kuwa kilomita 3 au 13 kutoka ulipo. Ndiyo maana minara ilipangwa ili bonde moja lionwe na walinzi wawili au watatu. Chukua karatasi uone mwenyewe. Weka nukta A, kisha nukta B kilomita 10 mashariki yake. Mlinzi wa A anasema moshi uko nyuzi 60 kutoka kaskazini, ukihesabu kwa mwendo wa mshale wa saa. Wa B anasema anauona kwenye nyuzi 330. Chora mistari yote miwili. Inakutana mahali pamoja tu: kilomita 5 kutoka B, na kilomita 8 na kitu kutoka A. Sasa unao mahali, na unajua kikosi cha B ndicho kiondoke. Ukikosea uzi mmoja tu kwa moshi ulio kilomita 20, umekosea mita 350 msituni, na wazima moto watazunguka usiku kucha. Kwa hiyo mlinzi mzuri hakusifiwa kwa macho tu, alisifiwa kwa usomaji wake wa pete.

Uvumi wa pili, na ndio unaopoteza pesa za watu wengi, ni kudhani mnara ni jicho linalojitosheleza. Mnara ulikuwa kona moja ya pembetatu, na waya wa simu ukitokea mgongoni. Waya huo nao una hadithi yake. Ulikuwa uzi mmoja tu wa chuma, umeme ukirudia ardhini, nao ulitundikwa kwenye miti kwa kulegezwa makusudi. Mti ukiangukia waya, waya unashuka nao hadi chini bila kukatika, na simu inaendelea kufanya kazi huku imelalia nyasi. Fundi aliyeukaza vizuri kama kamba ya nguo alikuwa ameharibu kazi. Na mwisho wa waya alikuwepo mtu wa kupokea, na nje ya ofisi yake walikuwepo wanaume wenye majembe waliokuwa wanalipwa kusubiri. Ondoa kimoja kati ya hivyo, kibanda kinabaki kuwa mahali pa kunywea chai ukitazama mandhari.

Kile kiti, kumbe, watu wa nyumbani mmekipenda kuliko kitu chochote. Ni cha kusimamia au kuketi wakati wa radi. Huko Idaho radi ndiyo mwashaji mkuu wa moto, kwa hiyo mlinzi hakuweza kushuka dhoruba ikija, maana ndio wakati wa kuhesabu miali imepiga wapi. Naye anakaa kwenye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo juu ya kilele! Kinga yenyewe hasa ilikuwa nyaya za shaba zilizotoka juu ya paa, zikashuka kwenye kona zote hadi ardhini, ili umeme wa radi upate njia yake na usipite ndani. Hata hivyo umeme unaweza kuruka kutoka kwenye jiko, kitanda cha chuma au simu. Mlinzi aliichomoa simu, akakaa katikati ya chumba juu ya kiti ambacho miguu yake imevalishwa vile vikombe vya glasi vya nguzo za simu. Glasi haipitishi umeme, kwa hiyo mwili wake ulikuwa si njia ya kwenda ardhini. Naomba sana mtu asikate chupa za soda akatengeneza kiti akadhani amepata kinga. Kiti bila zile nyaya hakimwokoi mtu.

Nyie hamna haja ya ushujaa huo. Moto wenu hauletwi na radi. Unaletwa na mtu anayesafisha shamba mwezi wa tisa au wa kumi, mrina asali, mchoma mkaa, vijana wanaofukuza panya. Radi zenu huja na mvua, na mvua ikija hatari ya moto inapungua. Kwa hiyo sharti la kwanza la kituo chenu, kiwe cha namna yoyote, ni kwamba mawingu yakianza kunguruma mlinzi anashuka na kwenda zake nyumbani.

Sasa swali la mzee. Waliacha kwa nini?

Sababu ya kwanza ni ndege. Baada ya vita kulikuwa na marubani wengi na ndege za bei nafuu, na ndege moja ilizunguka kwa saa mbili eneo la minara kadhaa. Tangu Julai 1940 hata wazima moto walianza kurushwa kwa miavuli, kwanza huko Idaho. Sababu ya pili ni barabara na redio: watu wakawa wengi msituni, kila dereva wa lori la magogo akawa mlinzi bila kuajiriwa. Sababu ya tatu ndiyo itakayowahusu nyie zaidi. Mnara haudai chakula, mlinzi anadai. Kila kiangazi kulikuwa na mshahara, mizigo ya kupandisha, ngazi zilizooza za kubadilisha, na mtalii aliyepanda bila ruhusa akaanguka. Idara ilichoma moto minara yake mingi kwa mkono wake kukwepa lawama hizo. Neno "ilishindwa" silitumii hata kidogo. Mia kadhaa bado ina walinzi kila kiangazi, hasa milimani ambako ndege haiwezi kukaa siku nzima na mawasiliano ni mabaya, na chombo cha Osborne bado kiko mezani. Mingine hukodishwa kwa wageni kulala, na nadhani huo ndio binamu yako alioupiga picha.

Iko sababu ya nne, ambayo wenyewe hawaipendi. Minara ilifanya kazi vizuri mno. Mwaka 1935 Idara iliweka amri kwamba kila moto uwe umedhibitiwa ifikapo saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Moto ukawa adui bila kubagua. Lakini ile misitu ilikuwa imezoea mioto midogo iliyopita chini kwa chini na kufagia takataka. Ulipozimwa kila moto kwa miaka 40, majani makavu, vichaka na miti iliyoanguka vikalundikana, na siku moto ulipoponyoka haukushikika tena. Mwaka 1978 amri ile ikafutwa. Kwenu si hivyo hasa, maana msindano mchanga hauvumilii moto hata wa kufagia, lakini tabia ya kitu kinachoungua ni moja. Mkiwa na mnara mzuri na chini ya miti kuna godoro la sindano kavu hadi kwenye vifundo vya miguu, na matawi ya kupogoa yameachwa palepale, mnara utawapa tu nafasi nzuri ya kutazama hasara.

Nimeona hilo mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi wa mazoezi kwenye shamba moja la miti, nilipangiwa zamu juu ya mnara wa chuma. Siku ya pili nikaona moshi mweupe nyuma ya kilima, nikapiga kelele redioni, trekta na watu ishirini wakaondoka. Ulikuwa vumbi la lori la mbao. Mzee niliyekuwa naye zamu hakunicheka. Aliniambia vumbi hutembea na barabara, moshi hukaa kwenye mzizi wake. Ukungu wa baada ya mvua hutoka vipande vipande bondeni na kuyeyuka ukiuhesabia dakika tano. Moshi wa nyasi mbichi ni mweupe na mzito, wa msindano wenye utomvu huelekea weusi. Wiki moja baadaye tuliuona moto wa kweli mapema kabisa, tukausoma vizuri, na shamba likaungua vilevile, kwa sababu trekta la maji halikuwa na mafuta.

Kuhusu setilaiti, wanaosema inaona kila kitu wameisifu kupita uwezo wake. Zile alama nyekundu za moto ambazo NASA, shirika la anga la Marekani, huzitoa bure zinatokana na vyombo vinavyopita juu yenu mara chache kwa siku. Chenye macho makali zaidi kati ya vinavyotumika sana huigawa ardhi kwa miraba ya mita 375, nacho hupita mchana karibu saa saba na nusu, kisha usiku saa kama hiyo. Moto wenu ukianza saa tisa alasiri, chombo kimeshaondoka, na hata kikiwepo, taarifa yaweza kuchukua saa hadi tatu kuwafikia. Zipo setilaiti zinazokaa mahali pamoja na kutazama Afrika kila dakika 10 hadi 15, lakini kwazo ardhi ni miraba ya kilomita nzima au zaidi, moto mdogo haujitokezi. Setilaiti ni nzuri kwa kujua mlima wa pili unaungua na upepo unaelekea kwenu. Afrika Kusini wenye mashamba makubwa ya miti wameweka kamera juu ya minara, kompyuta ikitafuta moshi, na bado mtu anakaa chumbani kuhakiki kabla ya kutuma watu. Ni kitu kizuri, ila si cha kikundi cha watu 43.

Je, mjenge? Maoni yangu ni kwamba msianze na mnara. Hesabu ya upeo iko hivi: jicho lililo mita 20 juu ya tambarare linaona hadi kilomita 16 hivi. Lakini Mufindi si tambarare. Mkiwa na kilima kinachopanda mita 80 juu ya mashamba, aliyekaa kileleni kwenye banda la nyasi anaona mbali mara mbili ya aliye juu ya mnara bondeni, na akianguka anaanguka kutoka kwenye kigoda. Hizo nguzo za milingoti nazo, zikiwa mbichi zisizotiwa dawa, mchwa na uozo vitazila pale zinapoingia ardhini, sehemu ambayo hakuna anayeikagua, na mnara utaonekana mzima mpaka siku ya upepo. Mkikuta kwamba hakuna kilima kinachofaa, hapo mnara una hoja. Hata hivyo usijengwe na fundi wa mapaa. Tafuteni mhandisi wa ujenzi aje aone udongo na upepo, tumieni nguzo zilizotiwa dawa kama za umeme, na ngazi iwe na kizuizi cha mgongoni. Halikadhalika kama kuna mnara wa zamani jirani, asipande mtu kabla haujakaguliwa.

Ninachowaomba mtafute kabla ya mnara ni vilima viwili, kama kile cha Mabel Gray. Pesa ya nguzo iwe posho ya walinzi wawili kuanzia mwezi wa nane hadi mvua za kwanza, zamu kubwa ikiwa saa tano asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kila kilima kiwe na meza iliyokitwa ardhini, ramani ya kijiji imegongwa juu yake, na msumari mahali pa kituo. Msiitegemee dira ya simu. Inakosea nyuzi kadhaa ukiwa karibu na chuma, na nyuzi tano kwa kilomita 5 ni zaidi ya mita 400. Ielekezeni ramani kwa kitu kisichohama, kama mnara wa simu au kanisa, na lengeni kwa rula yenye misumari miwili. Osborne mwenyewe angewaelewa. Wakati huohuo safisheni barabara za moto (zile njia zilizofyekwa ili moto usivuke), pogoeni matawi ya chini na muyatoe, na wekeni orodha ya watu kumi ambao simu ikilia wanaacha kila kitu.

Kwa mambo mawili msinisikilize mimi wa mbali. Mwiteni afisa misitu wa wilaya atembee nanyi shambani, aone upana wa barabara za moto na mahali upepo unapoingilia, na awaelekeze taratibu za vibali vya kuchoma mashamba pamoja na mtendaji wa kijiji. Yule jirani mwenye mahindi asiachwe nje ya kikao, maana yeye akipiga simu kabla ya kuwasha kiberiti, mmepata mlinzi kuliko wote. Pia Shamba la Miti Sao Hill ni majirani zenu. Ombeni mkawatembelee mwezi wa tisa, muone wanavyopangana wakati wa hatari.

Kisha fanyeni jaribio. Siku tulivu, kwa ruhusa na maji yakiwa karibu, mtu mmoja awashe moshi wa majani mabichi kwenye pipa, mahali ambapo walinzi hawakuambiwa. Kila kilima kisome namba yake, kipige simu, katibu achore mistari miwili. Pima dakika kuanzia moshi wa kwanza hadi mtu mwenye jembe anafika kwenye pipa. Nitumie hizo namba mbili na hizo dakika, pamoja na picha ya ramani yenu, nikuambie kama mnahitaji mita 20 za nguzo au mnahitaji pikipiki.